Marehemu Alifika Saa Nne Kamili

Niseme mwenyewe mapema, kabla hamjasimuliwa na mtu mwingine akaongeza chumvi: ndiyo, yule bosi aliyekimbia msibani kule Ipuli, akaruka viti mchana kweupe na kuishia ndani ya beseni la vyombo, ni mimi. Hadi leo nikifika kwenye msiba wowote upande ule wa mji wa Tabora kuna mtu atainuka, tena kwa heshima zote, atasogeza viti viwili vitatu pembeni na kuniachia njia iliyonyooka mpaka barabarani, kisha atarudi kukaa bila kusema neno. Sijawahi kumwuliza yeyote kwa nini. Nakaa tu, naitazama ile njia, na aibu inanipanda upya.

Nilikuja Tabora kuwa meneja wa kiwanda cha kuchuja na kufungasha asali (ukisema kiwanda watu wanawaza mitambo, hapana, lilikuwa ghala moja refu la matofali ya kuchoma, meza saba, mapipa, vitambaa vya kuchujia, na watu kumi na wawili). Mimi ni Mzaramo, mzaliwa wa Kisarawe niliyekulia Dar, na nilishuka kwenye treni nikiwa na begi moja na kichwa kilichojaa semina. Semina zote zilikuwa zimenifundisha kwamba kiongozi mpya atafute kwanza mahali muda unapopotelea. Basi mimi mahali hapo nilipaona siku ya kwanza tu, saa moja na nusu asubuhi, begi bado liko mkononi.

Mpokea ndoo wetu alikuwa Mzee Maganga. Wafugaji nyuki wakileta ndoo zao kutoka Urambo na Sikonge, yeye ndiye aliyezifungua, akanusa, akaonja kwa kidole, akasema hii sawa, hii imepikwa kwenye moto mkali. Alikuwa mrefu na mwembamba, koti la kaki mpaka magotini na kofia kichwani iwe jua iwe mvua, miguuni gambuti alizoziburuta kama zinamzidi, ugoro puani, na hakuwahi kuanza kusema kabla hajakohoa mara mbili. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alizunguka meza moja baada ya nyingine, akamwekea kila mtu mkono begani na kusema, "Mwangaluka," ambayo ndiyo salamu yao ya asubuhi Wanyamwezi, halafu akauliza. Umelalaje. Homa ya mtoto imeshuka. Ule mguu je. Na hakuondoka mpaka ajibiwe, jibu la kweli, si lile la "nzuri tu".

Mzunguko huo waliuita "kukagua mabega". Mwenyewe alidai babu wa babu yake alikuwa kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara wa wapagazi kutoka hapa mpaka pwani, na kwamba alfajiri kabla mzigo haujainuliwa kirangozi alipita akikagua bega la kila mtu, kwa sababu kidonda kinachofichwa asubuhi ni mzigo unaoangushwa mchana porini. (Sijui kama ni kweli. Tabora nzima kila mtu babu yake alikuwa kirangozi, sijakutana bado na mjukuu wa aliyebeba.)

Akimfikia Mama Yohana ndipo muda ulipoteketea kabisa. Mama Yohana alikuwa Mgogo wa Manyoni, mwanamke mrefu kama mzee mwenyewe, msimamizi wa meza za kuchujia. Anaguswa bega, anasema, "Wewe Mnyamwezi bado unatembea? Sanda yako nilishainunua, sasa inaliwa na panya kabatini." Mzee anakohoa mara mbili. "Sifi mpaka nimwone Mgogo aliyeshiba." Ghala zima linacheka, na wanaanza kazi wakiwa bado wanacheka.

Kwa asiyejua, Wanyamwezi ni watani wa Wagogo, na ni watani wa sisi Wazaramo vilevile, tangu enzi za njia ile ile ya misafara, walipokuwa wanapita kwetu na mizigo, wakigombana na kupatana, mpaka ikaonekana afadhali watu watukanane kwa mapenzi maisha yote kuliko kupigana. Bibi yangu alikuwa ananieleza haya, mimi nikiwa nasikiliza redio. Kwa hiyo Mzee Maganga aliposikia bosi mpya ni Mzaramo alifurahi kupita kiasi, na miezi minne baadaye, siku aliyokuja mgeni wa makao makuu, akaniwekea mkono begani mbele yake na kusema, "Huyu mtani wangu. Babu zake walikuwa wanatusubiri karibu na pwani watuuzie maji ya mto. Bosi, bega lako limepanda mpaka sikioni, nani anakukimbiza?"

Mgeni alicheka mpaka akavua miwani. Mimi nilicheka kwa meno tu, moyoni nimefura. Alipoondoka nikaandika tangazo, nikalibandika ubaoni:

"Kuanzia kesho kazi inaanza saa moja na nusu kamili. Salamu za kuzunguka na utani ni marufuku saa za kazi. Habari zisizohusu kazi zisiletwe ofisini."

Nikasaini, nikapiga mhuri mara mbili (ule wa pili mpaka leo sijui ulikuwa wa nini).

Sasa mimi nilitegemea wanune, wabishane, angalau mmoja aje kulalamika. Hakuja mtu. Kesho yake waliingia mmoja mmoja, wakavaa aproni, wakainamia meza zao, na ghala likanyamaza. Nasema kunyamaza, sisemi utulivu. Asali ikipita kwenye kitambaa inadondoka polepole, tone, halafu kimya, halafu tone, na mimi nilikuwa sijawahi kuisikia kabla ya siku ile. Nyuki wanaovutwa na harufu walikuwa wanatambaa kwenye nyavu za madirisha, nao niliwasikia. Nilipopita kati ya meza nikasema habari za asubuhi, watu kumi na wawili waliniinulia macho, wakanitazama, wakayashusha. Nikarudi ofisini nikafunga mlango, nikajiambia hii sasa ndiyo kazi.

Wiki ya pili pipa moja lilifurika. Nilikuwa nimetoka kwenda posta, niliporudi asali ilikuwa imetambaa sakafuni mpaka karibu na mlango, na watu wanne wamesimama pembeni yake, mikono nyuma, wanaiangalia inavyokwenda. Nikakanyaga. Viatu vikaganda. Nikauliza kwa nini hawakuniita, simu si wanayo.

"Tulihofia ni habari isiyohusu kazi, bosi," alisema Mama Yohana. Hakutabasamu hata kidogo. Niliitoa miguu nikaviacha viatu pale pale, nikaenda ofisini na soksi, na kila hatua soksi ilinata na kubanduka, na hakuna aliyecheka. Watu wa Tabora, bosi anatembea na soksi zinazonata, na hakuna anayecheka. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa.

Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa, saa moja na nusu, nilisikia kikohozi mara mbili nje ya mlango wangu, halafu hodi tatu, taratibu. Nilikuwa naandika ripoti. Nikasema bila kuinua kichwa, "Saa za kazi, mzee." Chini ya mlango niliona kivuli cha zile gambuti mbili, kimesimama. Kilisimama muda mrefu. Kisha nikasikia anaziburuta kurudi mezani kwake, polepole kuliko kawaida. Baadaye kidogo Mama Yohana akaingia bila hodi, akasema, "Bosi, yule mzee hayuko sawa." Mimi nikamwonyesha kwa kidole lile tangazo ubaoni. Akalisoma mpaka mwisho kana kwamba halijui, akatoka.

Jumatatu meza ya mzee ilikuwa tupu. Nikauliza Maganga yuko wapi.

"Hayupo, bosi," wakasema wawili kwa pamoja.

Saa tisa ya kutoka ilipofika walitoka wote kumi na mmoja kwa pamoja, wanawake wamejitanda kanga vichwani, wanaume wana kofia, wakashika barabara ya Ipuli kwa mstari mmoja bila mtu kumsemesha mwenzake. Nilisimama dirishani nikapendezwa. Nikawapiga picha kwa simu, nikaituma makao makuu, chini nikaandika neno moja, "Nidhamu." (Ile picha ninayo mpaka leo. Ni picha ya watu wanaokwenda kuzika.)

Jumanne saa moja na nusu nilikuwa ofisini, mlango umefungwa, na nikasikia kikohozi mara mbili upande wa mbali wa ghala. Halafu gambuti zinaburutwa. Zinasimama. Kuna kitu kinagusa meza, ko. Zinaburutwa tena, zinasimama kwenye meza ya pili, ko. Meza saba zote, nikizihesabu bila kutaka, mpaka zikafika mlangoni kwangu, na hodi tatu. Nikaruka nikafungua. Hakuna mtu. Watu kumi na mmoja wameinamia kazi zao, aproni zimefungwa, mikono ndani ya asali.

Nikauliza nani amebisha. "Wapi, bosi?" akasema mmoja. Nikauliza kama Maganga amekuja. "Hayupo, bosi."

Sasa badala ya kujiuliza kwa utulivu, nilipandwa na hasira, na wenye akili mnajua kwamba hasira ya namna ile ni woga uliovaa tai. Nikaona huyu mzee ni mtoro na bado ananichezea, anakuja kunigongea mlango halafu anajificha nyuma ya mapipa. Nikaandika barua. "Ndugu Maganga, umekuwa mtoro kazini kwa siku mbili bila taarifa yoyote. Unatakiwa ufike mbele yangu Alhamisi saa nne kamili asubuhi ujieleze. Usipofika, hatua kali zitachukuliwa dhidi yako." Nikaitia kwenye bahasha ya kiwanda, nikaifunga, nikampa mtu wa bodaboda aifikishe nyumbani kwake Ipuli, mkononi.

Jumatano zile gambuti zikazunguka tena. Nikakaa kwenye kiti nimeshika meza kwa mikono miwili mpaka hodi zikaisha, sikufungua.

Alhamisi nilipofika geti lilikuwa wazi na ghala lilikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu. Aproni kumi na moja zimetundikwa kwenye misumari, zote zimenyooshwa. Ya kumi na mbili haikuwepo. Nikaita, sauti ikarudi. Nikaenda ofisini, nikafunga mlango, na sababu ya kuufunga siijui, maana nilikuwa peke yangu. Nikatazama saa ya ukutani. Mshale ulipofika saa moja na nusu, kule mwisho wa ghala mtu akakohoa mara mbili.

Mkitaka msiniamini. Meza ya kwanza, ko. Ya pili. Nilikuwa naona ghala lote kwa kioo cha dirisha dogo la ofisi, nikaona meza, mapipa na vitambaa vinavyodondosha, na nilisikia miguu ikipita hapo hapo ninapopatazama na hakuna aliyekuwepo. Ikasimama mlangoni. Hodi tatu. Nami, Mungu anisamehe, mdomo ulifunguka wenyewe ukasema, "Saa za kazi, mzee." Basi harufu ya ugoro ikapita chini ya mlango ikanijaa puani.

Nilitoka kwa dirisha la upande wa nje. Mtu mzima, meneja, suruali ya kitambaa, dirishani. Mlinzi wa getini alinikuta nikiwa nimekaa chini ya ukuta, akanipa maji kwanza ndipo akauliza. Nikamwuliza watu wako wapi.

"Si msibani kwa Maganga," akasema. "Leo hitima, wanaanua tanga. Alifariki Jumatatu alfajiri, akazikwa alasiri. Mimi nilidhani bosi umeamua tu kutokwenda."

Hapo nikakumbuka barua, nikatazama saa, ilikuwa inakwenda saa mbili. Nikarudi nyumbani kubadili nguo, vifungo vya shati vikawa vinakataa, na kila nikikaribia kutoka nilirudi kukaa kitandani. Mpaka nafika Ipuli kwa miguu, saa nne ilikuwa imekaribia sana.

Turubai limefungwa, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, vyombo vinaoshwa nyuma ya nyumba. Nilipoingia mazungumzo yalikatika. Niliwaona watu wangu wote wa ghala wamekaa safu moja, ila Mama Yohana sikumwona. Hakuna aliyenipa mkono. Mtu mmoja akanionyesha kiti cha mbele kabisa, peke yake, na mimi mjinga nikashukuru kwamba wameniheshimu.

Msemaji wa familia, mzee mnene mwenye kanzu, akainuka. Akamshukuru shehe, akawashukuru majirani, kisha akatoa bahasha mfukoni. Niliijua bahasha hata kabla hajaigeuza.

"Juzi tulipokea barua kutoka kazini kwa marehemu," akasema kwa upole. "Tukaisoma hapa mbele ya watu tukijua ni rambirambi. Mwandishi wake hakuwepo. Leo, alhamdulillahi, amefika. Nadhani ni uungwana tuisome tena, naye aisikie."

Akaisoma. Yote. "Mtoro" aliisoma polepole. Alipofika pale pa Alhamisi saa nne kamili alitazama saa yake ya mkononi, akakunja karatasi, akakaa.

Na nyuma ya nyumba mtu akakohoa mara mbili.

Nilizijua zile gambuti kabla sijaziona. Akatokea kwenye kona ya nyumba, mrefu, koti la kaki mpaka magotini, kofia yake ile ile, na uso mweupe pe, mweupe wa kitu kisicho na damu. Watu hawakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba hawakushtuka. (Shehe peke yake aligeuza uso akawa anarekebisha kofia ambayo haikuwa na tatizo lolote.) Akaanza na safu ya nyuma, mtu mmoja mmoja, mkono begani. "Mwangaluka." Nao wakaitikia kwa sauti ya chini, "Mwangaluka," na baadhi yao walikuwa wanalia. Akapita safu ya pili. Akapita watu wangu wa ghala. Nikasikia miguu inaburutwa nyuma ya kiti changu, inasimama, na mkono wa baridi, umelowa, ukatua begani kwangu.

"Bosi," akasema. "Saa nne kamili. Nimekuja kujieleza."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka kiti cha kwanza, nakumbuka mtu akisema "Jamani mguu wangu," nakumbuka nimeruka mkeka, nikakata kona ya nyumba nikidhani ndiko kwenye njia, kumbe ndiko kwenye vyombo. Beseni lilikuwa lile kubwa la msibani. Niliingia kwa kukaa, maji ya sabuni yakanifika kifuani, upawa wa pilau ukanasa kwenye mfuko wa shati. Nikasikia gambuti zinakuja, hazina haraka, na nyuma yake msiba wote umehamia pale unatazama.

Alisimama juu yangu na barua mkononi. Na hapo, kwa karibu, nikaona kwamba ule weupe ni unga, na kwenye unga machozi yamechora mistari miwili, na chini ya kofia ya Maganga alikuwa Mama Yohana.

Sikujua kitu ambacho Bibi yangu angenieleza kama ningezima redio, kwamba mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, ili yale ambayo marehemu hakupata kusema yasemwe, na anayesemwa hana ruhusa ya kukasirika.

"Kosa langu, bosi," alisema kwa sauti ya mzee, na kikohozi chake, "ni kufa bila taarifa. Wiki tatu kifua kilikuwa kinanibana. Niliyekuwa nawauliza wenzangu ni mimi, sasa mimi wa kuniuliza alipigwa marufuku. Ijumaa nilikuja kuomba ruhusa ya hospitali, nikabisha hodi, nikaambiwa ni saa za kazi. Nikaona nisikusumbue. Nikaenda kufa nyumbani, nje ya saa za kazi. Kama kuna hatua kali, nipe."

Nilikuwa nimekaa kwenye maji ya vyombo nimeshika upawa. Mjane wake, Bi Mwajuma, alisogea akainama kuniangalia, mwanamke mdogo aliyefunikwa na kaniki, na mimi nilitamani anizabe kofi.

"Mume wangu alikuwa wa kufa, mwanangu," akasema. "Moyo ulishachoka, daktari alituambia tangu mwaka jana, hata hospitali wasingefanya kitu. Hilo sikudai. Ila amekufa hajasalimiwa wiki tatu."

Nililia. Sioni aibu kusema, maana nimeshasema ya beseni. Mama Yohana akaivua kofia, akarudi kwenye sauti yake mwenyewe. "Na kesho hatuji, bosi. Wote kumi na mmoja tumekubaliana. Utakaa na tangazo lako." Nikawatazama wale wengine, wakanitazama vilevile kama siku ile ya kwanza ya kimya, na nikajua kwamba hawatanii. Walikuwa wameshaniacha. Kesho kutakuwa na aproni kumi na moja ukutani na mimi na ile miguu.

Yule msemaji mnene akakohoa. "Huyu si Mzaramo?" akauliza. "Basi naye ni mtani. Mtani hakimbii msiba wa Mnyamwezi. Mtani ndiye anayeumaliza."

Bi Mwajuma akafikiri kidogo. "Mvalisheni," akasema.

Wakanivalisha koti la Maganga juu ya nguo zilizolowa, na gambuti zake, na ndipo nikajua kwamba zilikuwa zinamzidi kweli, maana ili zisikuvuke lazima uburute. Wakanisukuma mbele. Nikaanza na mtu wa kwanza wa ghala langu, mpanga mizigo, nikamwekea mkono begani, nikasema mwangaluka, kisha nikakwama. Sikujua la kuuliza. Nilikuwa nimekaa naye miezi mitano na sikujua ana mke au hana. Akanisubiri. Mwishowe nikauliza tu umelalaje, naye akanijibu jibu la kweli, kwamba hajalala tangu Jumatatu. Wa pili mama yake amepooza. Wa tatu alikuwa mjamzito miezi minne na alikuwa anainua ndoo kila siku mbele ya macho yangu, akihofia kwamba ni habari isiyohusu kazi. Nilizunguka wote. Mabega mengine yalikuwa magumu chini ya mkono wangu na hayakulegea, na nikayaacha hivyo hivyo.

Wa mwisho alikuwa Mama Yohana, unga bado usoni. "Mwangaluka. Umelalaje?"

"Mimi mzima," akasema, midomo ikamcheza. "Ila nimempoteza mtani wangu. Sina tena wa kumtukana asubuhi."

Sikupanga kusema nilichosema. "Basi nitukane mimi."

Alinitazama kuanzia gambuti mpaka kichwani, muda mrefu, na watu wote wakangoja. "Mzaramo," akasema, "umelowa kama kuku aliyekimbia kunyonyolewa." Bi Mwajuma ndiye aliyeanza kucheka, huku analia, halafu wote.

Ijumaa walikuja tisa. Wawili hawakurudi kamwe na siwalaumu. Tangazo nililitoa mwenyewe mbele yao, na mlango wa ofisi niliung'oa bawaba, sasa uko nyuma ya ghala tunaanikia vitambaa juu yake. Kisha nikamwuliza Mama Yohana kuhusu zile hatua, na akakubali bila kificho: walikuwa wao. Wamekatazwa kuzunguka, basi walipokezana, mmoja kila asubuhi, anaziburuta gambuti zake mwenyewe kama mzee, anagusa meza badala ya bega, anabisha hodi kisha anarudi haraka kuinama, ili mzunguko wa Maganga usikatike kabla ya hitima.

"Jumanne mimi," akasema. "Jumatano mpanga mizigo."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi sote tulikuwa msibani tangu swala ya alfajiri. Gambuti na koti la marehemu nilikuwa nazo mimi." Akatazama ile meza ya kupokelea ndoo, na hatukuliongelea tena.

Nimeapa mambo mawili tu. Sitaandika tena tangazo ambalo ningeweza kulisema kwa mdomo, na sitakimbia tena. La kwanza ni rahisi. Kila siku saa moja na nusu nazunguka meza zote, nauliza na kungoja jibu, natukanwa na Mgogo, na nikimaliza nasimama kidogo kwenye meza ya mwisho. Kuna asubuhi ambazo nasikia mtu anakohoa mara mbili nyuma yangu, karibu kabisa, na harufu ya ugoro. Sigeuki, lakini nasimama pale pale.

"Mwangaluka, mzee," nasema. "Bega limeshuka."